Kupiga chabo kwa ustadi: jinsi Rear Window inavyotengeneza taharuki

Februari 1942 jarida la hadithi za upelelezi la Marekani, Dime Detective, lilichapa hadithi fupi ya Cornell Woolrich kuhusu mtu anayeshinda dirishani akiwatazama majirani, hadi akaanza kuamini kwamba mmoja wao amemuua mkewe. Kwa nini mtu huyu haondoki dirishani? Woolrich hasemi. Anaificha sababu mpaka mstari wa mwisho, daktari anapoingia na kutamka kwamba sasa plasta ya mguuni inaweza kutolewa. Msomaji anashtuka na hadithi inaishia hapo.

Miaka 12 baadaye mwongozaji wa filamu Alfred Hitchcock na mwandishi wake wa skripti, John Michael Hayes, waliichukua habari ileile wakaihamisha kutoka mwisho kwenda mwanzo. Katika filamu ya Rear Window (1954) plasta tunaionyeshwa dakika za kwanza, mhusika mkuu akiwa bado amelala na jasho likimtiririka. Tangu hapo kila hatari inayosogea tunaipima kwa mguu ule. Tunajua hawezi kukimbia, kushuka ngazi wala kuufikia mlango kabla ya mtu mwingine. Woolrich aliitumia plasta mara moja. Hitchcock anaitumia kwa dakika 112 mfululizo.

Atakayeuelewa uhamisho huo ameelewa nusu ya filamu. Nusu ya pili ni kuchungulia kwenyewe, yaani kwa nini hadithi hii isingefanya kazi kama mhusika angekuwa, tuseme, polisi mwenye kibali cha upekuzi.

Mshtuko, fumbo na taharuki

Haya ni mambo matatu ambayo watu huyachanganya. Mwaka 1962 Hitchcock alifanya mahojiano marefu na mwongozaji wa Kifaransa François Truffaut, yakatoka kama kitabu mwaka 1966, na humo alitoa mfano ambao umekuwa somo la kwanza la taaluma hii. Watu wamekaa mezani wanazungumza mambo ya kawaida. Ghafla bomu lililokuwa chini ya meza linalipuka. Watazamaji wamepata sekunde 15 za mshtuko. Sasa rudia tukio hilohilo, ila safari hii watazamaji wamemwona mtu akilitega bomu, na ukutani kuna saa. Mazungumzo yaleyale ya kipuuzi yanageuka kuwa dakika 15 za mateso, kwa sababu kila aliye ukumbini anatamani kuwapigia kelele wale watu waondoke.

Tofauti iko kwenye mgawanyo wa taarifa. Katika mshtuko, mtazamaji na mhusika wote hawajui. Katika taharuki, mtazamaji anajua na mhusika hajui. Kuna na jambo la tatu, fumbo, ambapo mhusika au mwandishi anajua na mtazamaji ndiye aliyefichwa. Hitchcock hakuzipenda filamu za fumbo tupu, zile za “nani muuaji?”, kwa maelezo kwamba zinaamsha udadisi tu, hisia zinabaki zimelala.

Lakini Rear Window inaanza kama fumbo. L. B. Jefferies, au Jeff, anayeigizwa na James Stewart, ni mpigapicha wa magazeti aliyevunjika mguu alipokuwa akipiga picha ajali katika mbio za magari. Amekaa kwenye kiti cha magurudumu wiki sita, imebaki moja. Usiku mmoja anasikia kelele ya mwanamke na kitu kikivunjika. Baadaye, mvua ikinyesha, anamwona jirani wa ng’ambo, Lars Thorwald (Raymond Burr), mchuuzi wa mapambo ya bei nafuu, akitoka na kurudi na sanduku lake la sampuli mara kadhaa usiku wa manane. Asubuhi mke wa Thorwald, mgonjwa aliyekuwa hatoki kitandani, haonekani. Je, kauawa? Hatujui. Hatujui hata kama bomu lipo.

Kwa hiyo filamu inaendesha mashine mbili. Nusu ya kwanza inaendeshwa na swali la fumbo: Thorwald ameua? Nusu ya pili inaendeshwa na swali la taharuki: Thorwald atajua lini kwamba anatazamwa, na na nani? Ustadi uko kwenye namna mashine ya pili inavyowashwa kabla ya ya kwanza kuzimwa, ili mtazamaji asipate pengo la kupumzika.

Tukio moja linastahili kutazamwa mara kadhaa. Alfajiri ile baada ya mvua, kamera inapita taratibu kutoka usoni pa Jeff hadi dirishani. Thorwald anatoka katika fleti yake pamoja na mwanamke aliyevaa nguo nyeusi, ambaye sura yake hatuioni vizuri. Wanaondoka. Kamera inarudi kwa Jeff, na Jeff amelala usingizi. Hakuona kitu.

Tangu filamu ianze tumekuwa tukijua tu anachojua yeye, kisha kwa sekunde chache tunapewa kitu ambacho yeye hana. Tena kitu chenyewe kinampinga. Yeye anapoanza kujenga hoja ya mauaji, sisi tunakumbuka kwamba mwanamke alitoka akitembea kwa miguu yake. Mpelelezi Doyle, rafiki wa Jeff, anapoleta taarifa kwamba mashahidi waliwaona mume na mke wakiondoka alfajiri, tunalazimika kukubali kwamba inaelekea anasema kweli. Tumekaa katika kiti cha shujaa huku tukimtilia shaka. Mwongozaji wa kawaida angelikata tukio hilo akihofia kwamba litamharibia mtu wake. Kumbe bila hilo Jeff angekuwa na haki muda wote, na mtu mwenye haki muda wote hana taharuki.

Doyle anajibiwaje? Siyo kwa ushahidi wa kipolisi. Lisa, mchumba wa Jeff (Grace Kelly), anauliza swali ambalo wanaume wawili hawakulifikiria: mwanamke gani husafiri akaacha mkoba aupendao, mapambo yake yamerundikwa ovyo ndani, na pete ya ndoa asiivae? Kwa hiyo aliyeonekana alfajiri hakuwa mke wa Thorwald. Ujuzi wa mavazi na mazoea ya wanawake unauangusha ujuzi wa beji. Hapo Lisa anaacha kuwa mgeni anayeleta chakula cha jioni, anakuwa mpelelezi wa kweli wa filamu hii.

Ua uliojengwa ili uchunguliwe

Mahali penyewe ni Greenwich Village, New York, ua wa nyuma uliozungukwa na majengo ya ghorofa katikati ya joto kali. Kipimajoto cha mwanzo kinasoma nyuzi 94 za Fahrenheit, karibu 34 za Selsiasi. Joto hilo limewekwa kwa makusudi. Ndilo linaloeleza kwa nini madirisha yote yako wazi, mapazia yamefunguliwa, na mume na mke wamehamishia godoro kwenye kibaraza cha ngazi ya dharura. Ondoa joto na hadithi yote inafungiwa ndani.

Hakuna hata tofali la New York katika ua huo. Ulijengwa wote ndani ya jukwaa namba 18 la studio ya Paramount, Hollywood: takriban mita 30 kwa 56, kimo cha mita 12, fleti 31. Kwa kuwa kimo cha jukwaa hakikutosha, sakafu ilibomolewa, na ua wenyewe ukakaa kwenye ghorofa ya chini ya ardhi. Fleti ya Jeff, ambayo katika hadithi iko juu ya ua, kwa kweli iko usawa wa sakafu ya studio. Mifereji ilitengenezwa ili mvua ya bandia ipate pa kwenda. Taa zilipangwa mapema kwa nyakati mbalimbali za siku, ili mpigapicha mkuu Robert Burks aweze kuhama kutoka mchana kwenda usiku bila kujenga upya mpangilio mzima.

Gharama ile ya nini, wakati ua halisi ulikuwapo? Kwa sababu kamera ilitakiwa ibaki upande mmoja. Karibu filamu nzima inapigwa kutoka chumbani kwa Jeff, na waigizaji wa ng’ambo wanafanya kazi mbali na mwongozaji, vioo na hewa vikiwa katikati. Hitchcock aliwapa vipokea sauti vidogo vya redio vya rangi ya ngozi masikioni, akawa anawaelekeza kutoka upande wa pili: inuka, nenda jikoni, geuka. Katika ua wa kweli asingeweza kudhibiti mwanga wa dirisha moja bila kuathiri lingine, wala kuhakikisha kwamba mcheza dansi anafungua friji sekunde ileile Thorwald anapopita kwenye korido.

Madirisha yenyewe yana kazi ya ziada. Kila moja lina hadithi ya ndoa au ya kuikosa. Kuna maharusi walioshusha pazia. Kuna mcheza dansi ambaye Jeff amembandika jina Miss Torso, na mwanamke mpweke anayemwita Miss Lonelyhearts, anayeandaa meza ya watu wawili kwa mgeni asiyekuwepo. Mtunzi wa nyimbo amekwama kwenye piano yake, wazee wawili wana mbwa, na Thorwald ana mke asiyeridhika na lolote. Jeff anakwepa kumwoa Lisa, na kila dirisha analolitazama linamrudishia swali hilo kwa sura nyingine. Angalia pia kioo kilichogeuzwa: ng’ambo, mwanamke yuko kitandani na mwanamume ndiye anayemhudumia, upande huu, mwanamume hawezi kusimama na mwanamke ndiye anayeingia na kutoka. Ndiyo maana Thorwald anamnasa Jeff kuliko majirani wengine. Jeff anamtazama mtu aliyeitatua kwa ukatili shida ambayo yeye anaizungukazunguka.

Shoti tatu

Hitchcock mwenyewe alimweleza Truffaut muundo wa filamu hii kwa namna ambayo mwanafunzi yeyote anaweza kuinakili, kwa shoti tatu, yaani vipande vitatu vya picha visivyokatwa katikati: mtu asiyeweza kusogea anatazama nje, anachokiona, anavyokipokea. Akaongeza kwamba huo ndio usemi safi kabisa wa fikra ya sinema.

Mizizi yake ni Urusi ya baada ya mapinduzi. Mwongozaji wa filamu Lev Kuleshov alichukua uso uleule wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, akaupanga pamoja na picha tofauti, kama vile bakuli la supu na jeneza. Watazamaji waliona njaa katika mpangilio mmoja na huzuni katika mwingine, ingawa uso haukubadilika. Kwa Jeff, Hitchcock alitoa mfano wake. Muonyeshe Stewart akitazama, kisha mbwa mdogo anayeshushwa uani kwa kikapu, kisha Stewart akitabasamu: ni mtu mwema. Toa mbwa, weka msichana asiyevaa nguo za kutosha, rudisha tabasamu lilelile: sasa ni mzee mchafu. Maana haiko usoni, iko kwenye kiungo kati ya shoti na shoti, na anayekifunga kiungo hicho ni wewe uliyekaa kwenye kiti chako.

Hapo ndipo uchunguliaji na uhariri vinapokuwa kazi moja. Shoti ya kwanza inakupa hamu, ya pili inakulipa, na ya tatu inakwambia kama umelipwa vya kutosha au la. Ikirudiwa mara nyingi, mwili unazoea. Uso wa Jeff ukigeuka, tayari tunataka kuona. Filamu inaweza sasa kukuchezea kwa kuichelewesha shoti ya pili, au kuionyesha tupu: pazia limeshuka, taa imezimwa, dirisha halina mtu.

Anayetaka kuijaribu mbinu hii kwa kamera yake atakuta inaharibika katika sehemu zilezile. Kwanza ni mwelekeo wa macho. Mhusika akiangalia kushoto na chini, shoti ya pili lazima ipigwe kutoka juu, kwa pembe inayokubaliana na kiti chake. Kosa la nyuzi chache tu linamfanya mtazamaji ahisi kwamba kinachoonekana hakiko mahali hapo. Pili ni ukubwa wa picha. Macho matupu hayawezi kuona pete kidoleni kutoka ng’ambo ya ua, kwa hiyo shoti ya karibu bila kifaa mkononi mwa mhusika ni udanganyifu, na watazamaji wataugundua hata kama hawawezi kuueleza. Tatu ni muda. Anayehariri kwa pupa huikata shoti ya kupokea mara tu uso unapobadilika. Inatakiwa ibaki kidogo baada ya badiliko, mpaka mtazamaji amalize kufikiri, maana fikra ile ndiyo bidhaa yenyewe. George Tomasini, mhariri wa Rear Window, anamwachia Stewart nafasi hiyo karibu kila mara.

Kuhusu vifaa, filamu hii inatunza hesabu kwa uaminifu. Jeff anaanza kwa macho matupu. Udadisi unapopanda anachukua darubini. Haitoshi, anafunga kwenye kamera yake ya Exakta lenzi ndefu ya Kilfitt ya milimita 400. Ukokotoe mwenyewe: filamu ya milimita 35 ina picha yenye upana wa milimita 36. Kama ng’ambo ya ua ni mita 25, lenzi ya kawaida ya milimita 50 inachukua upana wa mita 18, yaani jengo karibu lote. Ile ya 400 inachukua mita 2.25. Ni dirisha moja na mtu mmoja. Kila kifaa kinampa Jeff undani na kumnyang’anya muktadha. Akiwa na lenzi ndefu anaona kisu na msumeno vikifungwa ndani ya gazeti, ila hawezi kuona anayeingia kwa mlango wa mbele. Taharuki ya dakika 20 za mwisho inategemea upofu huo.

Jambo la kuchekesha kidogo: mpigapicha huyu stadi, mwenye lenzi ya kuonewa wivu na chumba kilichojaa picha zake, hatumwoni akibonyeza kitufe hata mara moja kupitia lenzi ile. Anaitumia kama tundu la ufunguo tu. Ushahidi pekee wa picha anaoutoa ni slaidi alizokuwa ameshazipiga zamani, zinazoonyesha kwamba maua fulani uani yamekuwa mafupi badala ya kurefuka. Kuna kitu kilifukiwa pale.

Masikio nayo

Muziki wa Franz Waxman unafungua filamu, halafu karibu kila sauti tunayoisikia ina chanzo ndani ya ua: piano ya mtunzi, redio, mtu anayejizoesha kuimba, watoto, magari ya barabara ya mbele. Majirani wanasema maneno ambayo mara nyingi hayasikiki vizuri, kwa hiyo maisha yao yanakuwa sinema bubu ndani ya sinema yenye sauti. Umbali unasikika pia. Kitu cha ng’ambo kina mwangwi na ni hafifu, cha chumbani kiko wazi.

Faida ni mbili. Ya kwanza, hakuna violini ya kukuonya kwamba hatari imefika. Huna msaada, kama Jeff asivyokuwa nao. Ya pili ni kwamba kelele ya kawaida inaweza kuondolewa. Filamu inapotaka ukaze misuli, ua unanyamaza, na nyayo kwenye korido nyuma ya mlango wa Jeff zinakuwa sauti kubwa kuliko okestra yoyote.

Ubaya wa kuchungulia, na utamu wake

Mtaani tunasema kupiga chabo, na kila mtu anajua kwamba si tendo la heshima. Kinachoitofautisha chabo na kutazama kwa kawaida ni masharti mawili: anayetazamwa hajui, na hangekubali kama angejua. Filamu hii haijifanyi kuwa hayapo. Muuguzi Stella (Thelma Ritter), anayekuja kumkanda Jeff, anamwambia mapema kabisa kwamba sheria ya jimbo la New York ina adhabu ya miezi sita kwa wachunguliaji, na kwamba watu wangefanya vyema kutoka nje wakachungulia nyumba zao wenyewe. Halafu Stella huyohuyo, siku mbili baadaye, ndiye anayekisia kwa sauti ni wapi mwili ulikatiwa vipande. Kujitia usafi kunaishia hapo, kwake na kwetu.

Lisa naye analisema jambo chungu zaidi. Doyle anapoleta maelezo yanayoelekea kumsafisha Thorwald, Jeff na Lisa wananyong’onyea. Lisa anagundua hali yao na kuitaja waziwazi: wamesikitika kwa sababu mtu hakumuua mkewe. Ni hukumu kwa watazamaji pia, kwa kuwa nasi tulinunua tiketi tukitaka maiti.

Mwaka 1975 mwananadharia wa Uingereza Laura Mulvey aliichukua filamu hii kama mfano katika insha yake maarufu kuhusu raha ya kutazama. Alijenga juu ya hoja ya mhakiki Mfaransa Jean Douchet kwamba Jeff ni mtazamaji wa sinema na jengo la ng’ambo ni skrini. Mulvey alionyesha kwamba Lisa hana mvuto mkubwa kwa Jeff akiwa upande wa watazamaji. Mvuto unazaliwa upya pale anapovuka ua na kuingia ndani ya picha, mwanamke aliye hatarini anayetazamwa kutoka mbali. Ukiangalia uso wa Stewart wakati Lisa anarudi mbio baada ya kusukuma barua chini ya mlango wa Thorwald, utakubali. Hakuwahi kumtazama hivyo alipovaa gauni la bei mbaya mbele yake.

Mhakiki wa filamu Tania Modleski alijibu mwaka 1988 kwamba picha si ya upande mmoja hivyo. Lisa anatazama pia, na anatazama kwa kujiweka mahali pa mke aliyepotea, ilhali Jeff, pamoja na lenzi zake, ndiye aliyekwama bila uwezo. Naona Modleski ameisoma filamu kwa karibu zaidi, ingawa Mulvey ameieleza sinema kwa jumla vizuri zaidi. Anayetaka kuielewa Rear Window pekee aanze na pete na mkoba, vitu ambavyo Jeff aliviona kwa lenzi na hakuvielewa.

Mara moja filamu inaachia nidhamu yake. Mbwa wa wazee anakutwa amenyongwa uani, mwenyewe analia na kuwauliza majirani kama wanajua maana ya kuwa jirani, na kwa mara ya kwanza kamera inatoka chumbani kwa Jeff na kuwaonyesha watu kwa karibu, kutoka pembe ambazo yeye hawezi kuzipata. Wote wamejitokeza. Halafu tunarudi dirishani: fleti ya Thorwald ni giza, ila ndani yake kuna moto wa sigara unaong’aa na kufifia. Mtu pekee ambaye hakuwa na haja ya kuja kuangalia.

Umbali unapofutika

Sehemu ya mwisho ni somo la namna ya kuondoa msaada mmoja baada ya mwingine, kila uondoaji ukiwa na sababu. Jeff anampigia Thorwald simu kumtoa nyumbani kwa kisingizio cha miadi hotelini. Lisa na Stella wanachimba bustani, hawakuti kitu. Lisa, bila kuagizwa, anapanda ngazi ya dharura na kuingia dirishani kwa Thorwald. Sasa aliyeko ndani ya skrini ni mtu wetu.

Hapo Hitchcock anatufanyia ujanja ambao wengi hawautambui. Ghorofa ya chini, Miss Lonelyhearts anajiandaa kumeza vidonge. Stella anaona, Jeff anapiga simu polisi, na kwa muda macho yetu yote yanamwelekea yeye. Wakati huohuo Thorwald anarudi. Huruma kwa jirani mmoja ndiyo inayochelewesha onyo kwa Lisa. Lakini kwa kuwa simu ya polisi tayari iko mkononi, Jeff anaweza kubadilisha taarifa papo hapo na kusema kwamba mwanamke anashambuliwa 125 West Ninth Street. Kamba ileile inasuka hatari na wokovu, na hakuna tukio lililodondoka kutoka mbinguni.

Polisi wanafika. Lisa, mgongo wake ukielekea dirishani, anaonyesha kidole chenye pete ya marehemu ili Jeff aione kwa lenzi. Thorwald anaona ishara, anaifuata, anainua macho na kutazama moja kwa moja kwenye lenzi, yaani kwa Jeff, yaani kwetu. Sharti la kwanza la chabo limevunjika na la pili limethibitika: anayetazamwa anajua, na hakubali.

Kuanzia hapo ni hesabu ya kutoa. Lisa anachukuliwa na polisi. Stella anatumwa na fedha za dhamana. Doyle hayupo nyumbani, Jeff anaacha ujumbe. Simu inapolia Jeff anadhani ni Doyle, anamwaga maneno yote, na upande wa pili kuna kimya halafu mlio wa kukatwa. Mtu amethibitisha anakoishi. Mwanga chini ya mlango unazimika.

Silaha pekee ya Jeff ni flashi, na balbu za wakati ule huungua mara moja tu. Inabidi kutoa iliyoungua, kuweka nyingine, kufumba macho, kufyatua. Thorwald anasimama akiwa kipofu, anasugua macho, anasogea tena. Utaratibu wa kubadilisha balbu ndio unaoweka mdundo wa tukio lote, na ndio unaoeleza kwa nini mtu mzima mwenye nguvu anachukua muda mrefu hivyo kuvuka chumba kidogo. Katikati yake kamera inafanya kitu ilichokuwa imekikataa: inatuweka ndani ya macho ya Thorwald, tunaona duara la rangi ya moto likitanda juu ya Jeff. Kabla ya hapo Thorwald ameuliza, kwa sauti iliyochoka kuliko ya kutisha, Jeff anataka nini kwake. Fedha? Jeff hajibu, kwa sababu hana jibu ambalo lingesikika vizuri.

Waigaji wa filamu hii, na ni wengi, huchukua dirisha na lenzi wakaacha swali hilo. Muuaji wao ni jitu tangu dakika ya kwanza, na anayechungulia ni mwema tangu mwanzo, kwa hiyo macho yanapokutana hakuna cha aibu, kuna hatari tu.

Ukiirudia, chora safu tatu kwenye karatasi: mtazamaji, Jeff, Thorwald. Kila taarifa mpya iandike chini ya safu ya anayeijua. Utaona kwamba kwa muda mrefu safu mbili za kwanza zinakwenda sambamba, isipokuwa ile alfajiri ya mwanamke mwenye nguo nyeusi. Safu ya Thorwald inabaki karibu tupu kwa zaidi ya saa nzima, kisha inajazwa kwa hatua tatu tu: barua, pete, simu. Ukimaliza, zima sauti na utazame tena kuanzia Lisa anapopanda ngazi. Karibu hakuna utakachokosa kuelewa.